Wageni Waliotuletea Jua

Wiki ile kabla wageni hawajafika, mratibu wa mradi wa taa za jua alipita Alunguli, kata yetu ya Kindu, nyumba kwa nyumba akiwasihi watu washushe pano zao. Pano ndilo jina letu la vile vibao vyeusi vya kunasa jua. Karibu kila ua wa kata yetu una chake: vingine vimefungwa juu ya bati kwa waya wa baiskeli, vingine vimeegemezwa tu chini kando ya mihogo inayoanikwa. Tunavinunua ng'ambo ya mto, kwa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini. Umeme wa serikali tunausikia kama watu wanavyosikia habari za mjomba aliyekwenda Ulaya: yupo, anawasalimu, atakuja.

Mratibu alikuwa mtoto wa Kindu kama sisi, ila alisoma Kinshasa akarudi na viatu visivyoshika matope. Aliwakusanya watu mbele ya nyumba ya shefu wa kata, akawaeleza kwa upole.

"Wandugu, wale watu wanatoka mbali sana. Wameambiwa huku ni giza. Sasa wakifika wakute kila nyumba iko na pano, watajisikia namna gani?"

"Watafurahi," alisema jirani mmoja. "Wataona tuko na mwanga."

"Hapana, baba. Watajisikia walidanganywa."

Watu wakacheka, lakini wakashusha. Mgeni ni mgeni. Kama amebeba kuku wake kutoka mbali ili akupe, haifai kumwonyesha banda lako. Jioni ile nilipita kati ya nyumba nikaona watu wazima wako juu ya ngazi wanafungua waya, wake zao wamezipokea pano chini na kuzifunika mikeka, na nikafikiri kwamba kata nzima inajiandaa kufilisika kwa heshima.

Dada yangu peke yake ndiye aliyekataa. Mimi humwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu wote waliotutangulia tumboni. Yaya alikuwa na kibanda kwenye njia iteremkayo kivukoni, na kazi yake ilikuwa kusharji telefone za watu. Pano zake zilikuwa kubwa kuliko zote za mtaa, na chini yake, juu ya ubao mrefu, telefone zilijipanga kama samaki sokoni. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya Lualaba, na alipenda kazi yake kuliko alivyowapenda wateja wake.

"Mama, ni siku chache tu," mratibu alimwambia.

"Na wenye telefone niwaambie nini?"

"Waambie kuna mvua."

Yaya alitazama juu. Jua lilikuwa linapasua vichwa. "Hii njo mvua?" akauliza; "njo" yetu ni "ndiyo" ya wengine.

Mratibu alijua watu. Akaacha habari za mvua, akasema mradi unahitaji mpishi wa wageni, mtu msafi, mwenye sufuria kubwa. Yaya hajapata kukataa sufuria kubwa tangu azaliwe. Asubuhi yake pano zilikuwa chini ya kitanda chake pamoja na betri, na kibanda kimefungwa.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari, lugha niliyojifunza kwa kaseti na kwa vitabu vilivyopoteza majalada, na ambayo mpaka siku hiyo hakuna mwenyewe aliyewahi kunijibu kwayo. Nilipiga pasi shati langu kama bwana harusi.

Walishuka uwanja wa ndege wakiwa wamevaa fulana za njano zenye picha ya jua linalotabasamu. Walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya bima huko kwao. Kampuni iliwapa ruhusa waje kujitolea, ikawalipia safari, na ikawaomba wapige picha nyingi. Kulikuwa na kijana wa uhasibu, dada mmoja aliyeshughulikia likizo za wenzake, mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusoma barua za watu waliogongana magari na kuamua nani anasema uongo. Wote waliongozwa na bibi mmoja mrefu, mwenye moyo mwepesi wa kulia. Tulivuka mto kwa boti ya mota wakiwa wamejifunga majaketi ya kuelea, na kijana wa uhasibu hakulivua lake hata alipoketi mezani kula.

Shefu wa kata aliwakaribisha, kisha akawauliza kupitia kwangu kwa adabu: ni nani kati yao aliye fundi umeme? Walicheka wote kwa furaha. Bibi akasema hakuna, ila wote walifundishwa kabla ya kuondoka, asubuhi nzima.

Shefu alinivuta kando. "Mwalimu, kwao hakuna mafundi?"

"Wako, shefu."

"Sasa kwa nini hawakutumwa wale?"

"Wale wako kazini."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri, akaenda kuwaletea viti.

Kesho yake walitaka kuonyeshwa giza. Wazo hilo lilitusumbua, maana walilala mapema na kuamka saa ambapo giza limekwisha. Wakakubali kuonyeshwa kwa maneno. Walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza watu wanaishije bila mwanga, na watu, huku pano zimelala chini ya mikeka waliyoikalia, walijibu kwamba ni vigumu. Mzee mmoja alisema kwa huzuni kubwa mpaka nikasahau kwamba ni yeye aliyetuonyesha sote mpira wa Kombe la Afrika kwenye televisheni yake.

Walipofika jikoni, bibi alimshika Yaya mikono yote miwili.

"Muulize," aliniambia, "anaishije, mwanamke kama yeye, bila mwanga?"

Nikamuuliza. Yaya alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, na hakuacha kutwanga.

"Mwambie ninangoja waondoke."

Nikageuka nikasema, "Anasema anangoja."

Bibi aliweka mkono kifuani. Macho yalimjaa. Alirudia lile neno taratibu kwa wenzake, *anangoja*, na dada wa likizo akamkumbatia kijana wa uhasibu, jaketi na yote.

Mchana ule tuliketishwa chini ya turubai ili tufundishwe. Bibi alitundika karatasi kubwa yenye mchoro. Akaonyesha kwa kidole duara la njano.

"Hili ni jua," nikatafsiri.

Watu waliangalia lile duara kwa heshima. Kisha akaonyesha kibao cheusi, kisha betri, kisha taa, mishale ikitoka hapa ikienda kule. Shefu wa kata aliketi mbele kabisa, mikono juu ya magoti, kana kwamba jambo hili halijawahi kupita mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa natafsiri kwa mdomo tu. Mawazo yalikuwa kwa marehemu baba.

Baba alikuwa mtu wa reli. Vita ilipofika na treni ikaacha kuja, alibaki na kofia na filimbi, na kila asubuhi alivuka mto kwenda stesheni kuangalia kama reli bado iko. Baadaye akashirikiana na rafiki yake wa Kalima, mchuuzi, wakanunua foni: ile redio ya kuongea na watu wa mbali, maana siku zile mtu wa Kindu hakuwa na telefone. Juu ya bati letu la Alunguli ilikaa pano moja, chini ya meza betri ya lori. Ilikuwa miaka ya vita, na sisi tayari tulikula jua.

Watu walikuja kutoka pande zote kuongea na ndugu zao walioko Kalima, Kibombo, Bukavu. Hakuna siri kwenye foni. Waliosubiri zamu waliketi kwenye benchi na kusikia kila kitu, na wengine walikuja bila ndugu wa kuongea naye, kuketi tu. Baba alikuwa mkali kwa sheria moja: ukimaliza sentensi sema "ova", la sivyo mwenzako hawezi kujibu.

Nakumbuka mwanamume mmoja aliyepata habari kutoka kwa mke wake aliyekimbilia Kibombo.

"Mutoto amezaliwa, ova!" ilisema sauti ya mwanamke.

"Mutoto gani? Mimi na wewe hatujaonana tangu mwaka juzi!"

Redio ikakwaruza tu.

"Sema ova," baba akamwambia.

"Mutoto wa nani?"

"Hawezi kukujibu, ndugu. Sema ova."

Mtu yule aligeuka akatazama benchi zima lililokuwa likimsikiliza. "Ova," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo sana. Mwanamke alikuwa amekwisha kuondoka.

Mji ulishikwa na waasi, na msitu unaouzunguka ulishikwa na Mai-Mai, wapiganaji wa vijijini. Katikati kulikuwa na mashamba yetu. Mwanamke aliyetoka kwenda kuchimba mihogo alishukiwa na hawa akienda na wale akirudi. Watu wakaacha kwenda. Tulikula mizizi ya mipapai, tukala visivyoliwa.

Siku moja mchana kamanda wa waasi alikuja nyumbani na askari wake.

"Tumesikia unaongea na watu wa msituni."

"Afande, mimi ninaongea na kila muntu," baba akasema. "Hewa haina mulango."

Jibu lile lilikuwa zuri, na lilimgharimu. Walichukua redio, walimpandisha baba mwenyewe juu ya bati kuishusha pano, kisha wakamtwika ile betri ya lori kichwani mpaka kambini kwao. Maji ya betri yalimwagika njiani. Alirudi na bega lililoungua, kovu ambalo alizikwa nalo. Kamanda hakuwa na haja ya foni. Pano ilipanda juu ya nyumba aliyoipora, na ikamwendeshea video za karate. Alitamka siku ile, mbele yetu sote, kwamba anaazima tu.

Mwaka huohuo Yaya alijifungua mtoto wake wa kwanza, kwenye materniti ya Alunguli, nyumba ileile ya kujifungulia ambayo sasa mradi ulikuja kuiwekea taa, kwa mwanga wa kopo la sadini lenye mawese na utambi wa pamba. Mtoto alitoka mzima, akalia vizuri. Alikufa kabla hajajua kukaa. Yaya hakuwa na maziwa, na mjini hapakuwa na uji. Wageni walipomuuliza, katika zile ziara zao, kama amewahi kupoteza mtoto kwa sababu ya kukosa mwanga, alisema hapana, wake alikufa kwa kukosa chakula. Nikatafsiri. Dada wa likizo alisikitika, lakini niliona kwamba jibu lile halikuwa na mahali pa kuwekwa.

Basi, siku ya nne au ya tano, mratibu alipokea simu akaenda kusimama peke yake nyuma ya turubai. Pano za mradi zilikuwa zimekwama forodhani, mbali huko, kwenye mji mwingine. Karatasi moja haikupigwa muhuri. Zingechukua wiki, labda mwezi. Na ndege ya wageni ilikuwa ya Jumamosi.

Kikao chao kilikuwa cha msiba. Bibi alilia. Alisema wenzao ofisini wanawafuatilia kila siku, kwamba mkurugenzi mwenyewe anasubiri picha, kwamba haiwezekani warudi bila kufunga kitu. Kijana wa uhasibu aliuliza kama wanaweza kupaka rangi badala yake, kuna ukuta wowote? Mratibu aliwasikiliza, akakuna kidevu, kisha akaondoka kwa hatua za mtu aliyepata neno. Nilimfuata, maana nilijua anakokwenda.

"Mama," alimwambia Yaya jikoni, "pano zako ziko wapi?"

"Ulisema nizifiche. Nimezificha."

"Zitoe."

Yaya aliweka mwiko chini. "Kwanza nifiche wazungu wasizione. Sasa nitoe wazungu wazione. Wewe unajua unachotaka?"

"Ni za kuazima tu. Tunazifunga kwenye materniti, wapige picha, waende. Zao zikifika tunakurudishia zako."

Neno lile "kuazima" nililisikia likipita jikoni kama nyoka. Yaya naye alilisikia, nilimwona. Akatazama moto. Kisha akauliza, "Materniti, umesema?"

"Materniti."

"Chukua. Lakini deni hili halizeeki, nami sisahau."

Zikatoka chini ya kitanda, pano na betri, mratibu akazifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Wageni waliambiwa kwamba zimepatikana "kwa wabia wa hapa". Walipiga makofi.

Sijawahi kuona ngazi iliyopandwa na watu wengi kiasi kile. Kila mmoja alipanda, akashika bisibisi, akatabasamu, akashuka. Kijana wa uhasibu alitoboa bati kwa mashine mahali ambapo hapakuhitaji tundu, na mpaka leo mvua ikinyesha, kitanda cha mkunga wa zamu kinahamishwa. Nyuma yao walipanda mafundi wawili wa kata ya Mikelenge waliolipwa na mradi, wakakaza kila kilichokazwa. Mzee wa migongano ya magari hakupanda. Jua lilimshika, akaketi ghafla chini ukutani, uso mwekundu kama nyanya, na Yaya akammwagia ndoo ya maji bila kumuuliza. Alipopata nguvu aliniuliza jina la dada yangu. Katika wote, ndiye peke yake aliyeuliza. Kesho yake alikuwa amelisahau, lakini aliuliza.

Mwishoni walibandika juu ya kila pano karatasi ya gundi yenye lile jua linalotabasamu.

Sherehe ilifanyika saa nane mchana, kwa sababu mheshimiwa aliyepaswa kukata utepe alikuwa na sherehe nyingine jioni. Alihutubia kwa Kifaransa kirefu. Akaongozwa ndani ya chumba cha kujifungulia, akabonyeza swichi. Sote tukatazama juu. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha yote mawili na kwa lile tundu jipya, na hakuna aliyeweza kusema kama taa inawaka au haiwaki.

"Imewaka?" mheshimiwa aliuliza pembeni ya mdomo.

Shefu wa kata alipanda juu ya kiti, akaigusa. "Iko na moto," akasema. Watu wakashangilia.

Bibi alimtafuta Yaya katikati ya watu, akamkumbatia, aproni na yote. "Sasa mna mwanga," alisema akilia.

Nikatafsiri. Yaya akajibu, "Mwambie asilie. Hizi pano njo zangu."

Safari hii niliamua kusema kila kitu kama kilivyo. "Anasema pano hizi ni zake."

Bibi alimwachia, akamtazama, uso wote ukang'aa. "Ndiyo!" akasema. "Ndiyo! Hasa! Ni zake! Ni zao!" Akawaita wenzake. Akawaambia kwamba hilo ndilo jambo ambalo miradi mingi hushindwa kulifikia, jamii kujiona ndiyo yenye mali, na hapa mama wa kawaida, jikoni, amelisema mwenyewe bila kuombwa. Walimpiga Yaya picha nyingi sana. Kwenye hotuba ya kuaga, maneno yake yalitajwa.

Jumamosi waliondoka. Jumatatu Yaya alikwenda kwa mratibu.

"Zimekwisha kuingia kwenye ripoti," mratibu alimwambia, kwa masikitiko ya kweli.

"Haziko kwenye ripoti. Ziko juu ya bati, ninaziona kutoka hapa."

"Mama, ngoja zile zifike."

Hakungoja. Alikodi ngazi, akaniambia niibebe upande mmoja, tukaenda materniti. Mkunga mkuu alitoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi, aliyepokea nusu ya watoto wa Alunguli, na aliyewahi kutuchapa wengi wetu, nami nikiwemo, katika darasa la katekisimu.

"Panda, mama," alimwambia Yaya. "Pano ni zako, mimi ninajua. Hakuna atakayekuzuia. Lakini ingia kwanza ndani, umwambie yeye."

Ndani alikuwa binti mmoja aliyeletwa kwa mtumbwi kutoka upande wa juu wa mto, ameshika chuma cha kitanda. Alimtazama Yaya, akatazama taa, akarudi kwenye maumivu yake. Yaya akatoka nje.

"Tutarudi kesho," akaniambia.

Kesho yake alikuwepo mwingine. Keshokutwa yake wawili. Tulikuwa tunapita na ngazi yetu katikati ya Alunguli mpaka watoto wakaanza kutuimbia. Siku moja Yaya alipandwa na hasira pale mlangoni.

"Wanawake wa hapa hawapumziki?"

"Kata nzima televisheni moja, mama," mkunga akasema, "ulitegemea nini?"

Tuliirudisha ngazi kwa mwenyewe.

Yaya alitembea mbele yangu mpaka karibu na nyumbani. Hapo akasimama. "Na wewe, mwalimu. Wewe njo uliwatafsiria." Nikasema nilitafsiri kweli tupu. "Ninajua," akasema. "Hilo njo linaniuma."

Miezi ile ilimwendea vibaya. Wateja walihamia kwa kijana mmoja wa karibu na soko. Yaya alikaa uani akipepeta mchele usiohitaji kupepetwa, akimkemea kila aliyepita. Mwishowe akaenda tena materniti, bila ngazi, na wakaketi wawili, yeye na mkunga mkuu, mchana mzima. Walibishana hadi nikawasikia kutoka barabarani. Walipatana hivi: usiku mwanga ni wa wazazi, mchana jua ni la Yaya. Yeye ataangalia betri na kuzitilia maji, mkunga atamfungulia dirisha la stoo apitishe waya. Wiki ile ubao wake ulihamia kwenye ukuta wa materniti, na telefone zikajipanga tena kama samaki, chini kabisa ya lile jua linalotabasamu.

Mwaka uliofuata wageni wakarudi. Pano zao zilitolewa forodhani hatimaye, zikaja pamoja nao, za kufungwa kwenye shule. Bibi alikuwepo, na mzee wa magari alikuwepo, amevaa kofia pana sana. Nilipoona msafara unaelekea materniti, niliharakisha nikatangulia. Nilijua watasema nini watakapoona mtu anafanya biashara ukutani kwa zawadi yao.

Bibi alisimama mbele ya ubao wa telefone. Akatazama waya, dirisha, pano. Akafunika mdomo kwa viganja.

"Muulize," alininong'oneza, "kabla ya mradi alikuwa anafanya kazi gani?"

"Nilikuwa ninasharji telefone," Yaya akasema.

Nikatafsiri.

"Na sasa?"

"Ninasharji telefone."

Nikatafsiri hilo pia, neno kwa neno. Bibi aliitikia kwa kichwa kwa nguvu kama mtu anayesikia wimbo aupendao, akapiga picha, akamkumbatia tena.

Mzee hakuitikia kwa kichwa. Alibaki nyuma wengine walipokwenda shuleni, akaniuliza polepole mama huyu alimaanisha nini. Nikamweleza yote, tangu siku ya kushusha pano. Aliniuliza maswali mafupi, nani alikuwepo, nani aliona, na mkunga mkuu akaitwa akasema alichojua. Mzee alifikiri kidogo. Akasema kwa kazi yake ya miaka yote, madai kama haya angeyakataa: hayana karatasi hata moja. Kisha akaenda shuleni ambako masanduku yalikuwa bado hayajafunguliwa, akainamia moja, akalinyanyua kwa shida. Mratibu alimkimbilia akiuliza anakwenda nalo wapi. Hakujibu, maana hakuelewa Kiswahili, na mimi wakati ule sikuwepo kwa kutafsiri. Nilikuwa nimeshika upande wa pili wa sanduku.

Tukalipeleka kwa Yaya. Pano mbili mpya. Alizigonga kwa kidole, akazigeuza akatazama nyuma yake, akasema zake zilikuwa nzito zaidi. Lakini alimpa mzee kiti, akampa wali na samaki, na alipomaliza akamjazia tena bila kuuliza.

Sasa ana kibanda cha kivukoni na ubao wa materniti vilevile, na anagombana na watu sehemu mbili. Juzi mpwa wetu aliyeko Bukavu alituma picha aliyoikuta kwenye mtandao wa ile kampuni. Ni Yaya, amesimama mbele ya telefone zake, mkono kiunoni. Yaya alinitaka nimsomee maneno ya chini yake. Yalisema kwamba mama huyu alizaliwa gizani na kuishi gizani, mpaka siku wafanyakazi wa kampuni walipomletea jua, na leo ni mjasiriamali.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia kitenge chake, akasema siku ile alikifunga vibaya.

"Na wao huko kwao," akaniuliza baadaye, "umeme wanaletewa na nani?"

"Hawaletewi, Yaya. Wananunua."

"Aa," akasema. "Hata mimi nilinunua."

Mteja alikuwa anangoja na telefone iliyoingia maji. Yaya aliipokea, akaitikisa sikioni, akamwambia hii si ya kusharji, hii ni ya kuzika, na wakaanza kugombana.